Blanketi Jekundu la Mama Foronya

Mama Foronya hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kusonya. Alisonya asubuhi alipofungua mlango wa chumba chake cha kufulia, akasonya alipoitazama taa ya uani na kuiona inawaka rangi ya kiini cha yai badala ya weupe wake, na akasonya tena, sasa kwa kirefu, alipoinua macho na kulikuta Jumba liko palepale ng'ambo ya uzio, limeshiba umeme, halina habari na mtu.

Jumba lilikuwa na jina lake refu lililoandikwa getini, lakini hakuna aliyelitumia. Lilikuwa kituo cha data: safu kwa safu za kompyuta zilizofungiwa ndani ya kuta zisizo na madirisha, zikitunza picha, barua na hesabu za watu ambao mtaa ule hautawaona maishani. Siku ya kulizindua waliletwa wakubwa wa kuhutubia, na mmoja wao akaahidi kwamba laini za umeme zitaimarishwa. Na kweli ziliimarishwa, ila zilikomea getini kwa Jumba. Kutoka hapo kuja mtaani ulibaki waya uleule wa zamani, na transfoma ileile iliyokaa juu ya nguzo mbele ya karakana ya mchomeleaji, ikitoka jasho la mafuta hata siku za baridi.

Jina la Foronya alilipata kwa ubishi wake. Zamani, alipokuwa bado anafulia kwenye beseni, mteja mmoja alishikilia katakata kwamba foronya fulani haikuwa yake. Mama akaipiga pasi, akamfuata mteja mpaka nyumbani, akaomba aoneshwe kitanda, akailaza ile foronya kando ya mwenzake ili kila mtu aone kuwa ni mapacha. Mteja hakurudi tena, lakini jina lilibaki. Yeye mwenyewe hakulichukia. Mumewe alikuwa amefariki akimwachia uwanja mdogo, mtoto mmoja na beseni, na kutoka kwenye beseni lile alikuwa amefika kwenye mashine mbili za kufulia na moja ya kukaushia, kubwa kama kabati la nguo, aliyoinunua kwenye hoteli iliyofunga milango.

Hiyo ya kukaushia ndiyo iliyokuwa fahari yake na adhabu yake. Ilitaka umeme wenye afya. Ikipata umeme dhaifu, pipa lake liliguna, likatetemeka, likagoma. Ukilazimisha, chumba kizima kilinuka mpira unaoungua.

Angekuwa anafua suruali za wapangaji peke yake, angekereka na kulala. Lakini alikuwa na kazi ya zahanati. Zahanati ilikuwa mwisho wa mtaa, na wodi yake ya wazazi ilikula mashuka kuliko hoteli yoyote, maana watoto hawazaliwi kwa ratiba na hakuna anayezaliwa kwa usafi. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Bila hiyo mashine zake zingegeuka kuwa makabati kweli. Sasa Sista Mkuu wa pale, mwanamke mrefu wa maneno machache, alikuwa ameshampokea mara mbili akileta mashuka yenye unyevu. Mara zote mbili aliisikiliza hadithi ya umeme mpaka mwisho, jambo lililomuumiza Mama Foronya kuliko kama angekatishwa. Mara ya pili Sista alimwambia kwa upole kwamba yupo dobi mkubwa upande wa pili wa mji, mwenye jenereta lake, na kwamba yeye binafsi anamhurumia, lakini mzazi halali juu ya huruma. Ikitokea tena, basi.

Kwa hiyo kila taa ya uani ilipopauka, Mama Foronya aliiona kazi yake ikipauka nayo.

Na kilichomtia uchungu zaidi ni kwamba mwanawe wa pekee alikuwa ameajiriwa na Jumba. Mtaani walimwita Fundi Baridi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuhakikisha zile kompyuta hazichemki: hewa baridi isukumwe ndani, na joto linalotoka kwenye mashine litupwe nje kwa mafeni makubwa. Mama yake aliwaambia watu kwamba amemlea mtoto kwa jasho ili aje aajiriwe kuzipepea mashine. Kila Jumapili Fundi Baridi alikuja kula kwa mama yake, na kila Jumapili chakula kiliingia mchanga.

Kijana alijitahidi kumwelewesha. Alimweleza kwamba radi ikipiga waya mahali fulani mbali, umeme hupungua kwa muda wa kupepesa jicho. Taa ya mtu wa kawaida hucheza kidogo, ikaendelea. Lakini Jumba halivumilii hata huko kupepesa. Kompyuta zake zimedekezwa. Linauachia umeme wa laini hapohapo, linarukia betri, kisha linawasha majenereta yake. Na kitu kikubwa namna ile kikiachia kwa mkupuo, umeme kiliokuwa kinaunywa unabaki kwenye waya hauna mnywaji, unafura, unaingia kwenye nyumba za watu na hasira zake. Ndipo balbu zinapasuka. Ndipo mafriji ya Bibi Barafu, jirani yao muuza barafu, yalipokufa siku moja yote. Waongoza mitambo kule kituo kikuu hukimbizana kuupunguza, na wakikosea kidogo wilaya nzima inalala giza. Alieleza vizuri, kwa mfano wa mkate na walaji, na mama yake alielewa barabara. Hilo ndilo lililoharibu mambo.

"Kwa hiyo umeme ukipiga chafya, nyinyi mnakimbia," alisema. "Mafua tunabaki nayo sisi."

"Tunalinda mashine, Mama."

"Na mimi nalinda nini? Matambara?"

Siku hiyohiyo alipiga marufuku. Habari za Jumba zisiletwe mezani kwake: ziwe nzuri, ziwe mbaya, aziache getini na viatu vyake vya kazi. Fundi Baridi alikubali shingo upande. Jumapili iliyotangulia mkasa huu alijisahau, akaanza, "Mama, Jumatano kule kwetu kuna—" na mama yake akainua mwiko juu. "Kula," alimwambia. Kijana akala.

Lakini usidhani kwamba Mama Foronya hakufaidika na Jumba. Aliligundua jambo moja, na aliligundua kwa masikio yake. Jumba likishakimbilia majenereta yake halirudi upesi. Linaweza kukaa hukohuko mchana kutwa mpaka liridhike kwamba laini imetulia. Dakika za mwanzo ni za hatari, na mwenye akili huchomoa kila kitu. Lakini ule uvimbe ukishapita, taa ya uani hutulia, inakuwa nyeupe pee, na umeme unakuja mtaani wenye nguvu kama ule wa zamani kabla Jumba halijazaliwa. Kwa kuwa uwanja wake ulipakana na uzio, upande ule wa majenereta, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyasikia yakinguruma. Alisubiri taa iwe nyeupe, kisha akawasha mashine ya kukaushia na kuikimbiza mpaka ilegee.

Siku moja mchomeleaji, jamaa mmoja mwembamba waliyemwita Cheche, alimwomba amshtue naye. Mama Foronya akaona uvivu kutembea mpaka kwake kila mara. Akachukua blanketi lake jekundu, zawadi ya harusi, lililochakaa lakini bado linaonekana, akalianika kwenye kamba ya juu kabisa, kule lilipoweza kuonwa kutoka mtaa mzima. Basi hiyo ikawa desturi. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna aliyepiga kura. Blanketi likipanda, Cheche anachomelea mageti yake, Bibi Barafu anawasha mafriji, wenye pampu wanajaza matangi, pasi zinapata moto. Blanketi likishuka, watu wanachomoa na kurudi kwenye maisha yao ya kubana matumizi. Wapo waliomheshimu kwa hilo, na wapo waliomjia juu Jumba liliporudi mapema na kuwakatizia karamu, utadhani yeye ndiye mwenye ufunguo. Aliwasonya wote. Ila ukweli usemwe: alipenda. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kungoja, na sasa kulikuwa na mtaa mzima unaomngoja yeye.

Shirika la umeme watu wa mtaa walikwisha kuliendea, tena kwa makundi. Walipigwa danadana kutoka dirisha moja hadi jingine, wakaambiwa transfoma mpya iko njiani. Njia hiyo bila shaka ilikuwa ndefu, maana Bibi Barafu alinunua mafriji mapya na yakazeeka kabla haijafika.

Wiki ya mkasa mvua ilianza Jumatatu na haikujua kunyamaza. Kamba za uani hazikuwa na maana. Chini ya upenu mashuka yaliyoanikwa yalikaa siku nzima na kushuka yakiwa na unyevu uleule yaliopanda nao, tena na harufu juu. Wodi ya zahanati ilijaa, marobota ya mashuka machafu yakaja moja juu ya jingine. Jumatano asubuhi Mama Foronya aliyafua yote, mashine zikijivuta kama zinaumwa, lakini ya kukaushia ilikataa hata kuanza. Alipobonyeza swichi iliguna tu. Taa ya uani, kiini cha yai. Akaipigapiga mashine mgongoni na kuiambia ijikaze kisabuni, na mashine haikujikaza.

Kabla ya saa sita ukaja ujumbe wa Sista Mkuu kwenye simu. Anaomba mashuka jioni, wodi imejaa. Hakuongeza neno. Mama Foronya aliyaelewa vizuri yale maneno ambayo hayakuongezwa.

Mchana, akiwa amekaa juu ya ndoo akiitazama ile mashine kama mtu anayemtazama mkwe asiyefaa, majenereta ya Jumba yakanguruma.

Alitoka mbio mvuani, viatu kavivaa kushoto kwa kulia. Kwa mara ya kwanza maishani angeweza kulikumbatia lile Jumba. Akaitazama taa ya uani.

Hapa lazima tuseme kilichotokea bila kumpaka mafuta. Taa haikubadilika. Haikuwaka kwa hasira kwanza kama kawaida yake, wala haikutulia ikawa nyeupe. Ilibaki njano vilevile, na aliiona. Akajiambia kwamba kioo kimeingia mvua. Akajiambia kwamba balbu imezeeka. Ndani kulikuwa na mlima wa mashuka yaliyolowa na jioni ilikuwa inakuja, na majenereta yalikuwa yananguruma, masikio yake hayakumdanganya. Akapanda juu ya kiti, akalitundika blanketi jekundu kwenye manyunyu.

Mtaa uliamka. Watu walikuwa wamebanwa na umeme dhaifu tangu Jumatatu, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuitazama taa yake mwenyewe. Blanketi ndilo lililokuwa taa yao. Pampu zikalia. Kwa Cheche mwanga wa buluu ukachezacheza ukutani. Mama Foronya alibonyeza swichi, na pipa likaguna, likageuka mara moja kwa uvivu, likasita. Akatia mkono kulisaidia. Likageuka tena.

Mlio uliosikika ulitoka mbele ya karakana ya Cheche. Transfoma ilitema moto, ikatoa moshi mweusi mzito, na kila kitu mtaani kikanyamaza kwa pamoja mpaka ikasikika mvua juu ya mabati. Ng'ambo ya uzio, Jumba liliendelea kuvuma na taa zake zote zinawaka.

Wa kwanza kufika uani alikuwa Fundi Baridi, bado amevaa kofia ya kazi, anahema. Alitaka kwanza kujua kama mama yake ameumia. Mama yake hakuwa ameumia, alikuwa amechafukwa, na hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Alimweleza alichokuwa na uhakika nacho: kwamba wamekimbia, mtaa ukawasha, halafu wao wakarudi kwenye laini ghafla bila kujali kuna watu. Kijana alimsubiri amalize.

"Hatukutoka, Mama," alisema. "Leo yalikuwa majaribio. Majenereta yananguruma matupu, hayajabeba kitu. Jumba lenyewe lilikuwa bado linavuta umeme wa laini kama siku zote."

"Majaribio."

"Nilitaka kukwambia Jumapili."

Mama Foronya aliukumbuka mwiko. Alikumbuka jinsi alivyouinua na jinsi mwanawe alivyoinamisha kichwa akala. Akafungua mdomo asonye, na msonyo haukutoka.

Cheche na Bibi Barafu wakawa wameingia, wanachuruzika maji, wote wawili wakilitazama blanketi kule juu. Fundi Baridi ndiye aliyewaeleza. Umeme ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, na mota ikipewa umeme dhaifu haili kidogo, inahangaika na kula zaidi. Zikawashwa zote kwa wakati mmoja juu ya transfoma iliyokwisha kuchoka. Cheche alishika kiuno na kusema kwamba wameichoma wenyewe, basi. Bibi Barafu hakuwa na roho ya kugawana lawama.

"Mama Foronya," alisema, "leo blanketi lako limetuponza."

Walipoondoka alibaki amesimama. Alikuwa na hasira na shirika la umeme na njia yao isiyofika. Alikuwa na hasira na Jumba, linalonguruma kwa mchezo wakati wenzake wananguruma kwa shida. Alikuwa na hasira na mwanawe kwa kuwa mtiifu siku ambayo hakutakiwa kuwa mtiifu. Hasira aliyojiwekea mwenyewe aliikunja na kuiweka kiporo, kwa sababu mashuka yalikuwa bado yamelowa na saa zilikuwa zinakwenda. Akamwambia mwanawe kwamba Sista anayataka jioni, na kwamba hii ni mara ya tatu.

Fundi Baridi alijikuna shingo. Alikuwa na kitu cha kusema na hakukipenda. Nyuma ya Jumba, alisema, upande wa pili kabisa, mafeni yanatupa nje lile joto la kompyuta mchana na usiku. Pana upenu mpana, mvua haifiki. Hewa ni ya moto, tena kavu.

Mama yake alimtazama.

"Ya moto. Kavu. Inatupwa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue."

"Na hukuwahi kuniambia."

"Ulisema habari za Jumba nisilete mezani," alijibu kijana, na hakuwa anafanya mzaha.

Walipakia mashuka kwenye mkokoteni wa Cheche, wakayafunika kwa turubai. Mama Foronya alilishusha blanketi na kulitupia juu, maana hakutaka mtu mwingine alione likiwa kambani. Getini mlinzi alianza kukunja uso, akaeleza kwamba haruhusiwi kupitisha kitu kisicho na kibali, mpaka alipomtambua anayesukuma. Sare yake ya akiba ilikuwa kwa huyuhuyu mama, nayo imelowa. Msimamizi wa zamu, alipoulizwa na Fundi Baridi, alisema yeye hajaona kitu, kwa kuwa ndiyo kwanza anakwenda kunywa chai, na leo atainywa pole pole.

Nyuma ya Jumba upepo ulitoka ukutani mfululizo, mzito, kama pumzi ya mtu aliyelala fofofo. Walifunga kamba kati ya nguzo za upenu. Shuka la kwanza lilivimba, likapiga makofi, na kabla Mama Foronya hajamaliza kulaani lilikuwa limekauka. Akalishika, hakuamini, akaanika jingine. Mgongo wake, uliomuuma tangu Jumatatu kwa baridi, uliachia wenyewe ndani ya lile joto. Alichukia jinsi ilivyokuwa tamu. Miaka yote hii walikuwa wanamnyima umeme wa kukaushia nguo, wanaugeuza kuwa joto la kukaushia nguo, kisha wanalitupa hewani. Alikunja mashuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Yalipokwisha aliyapanga kwenye kapu, akayazungushia blanketi jekundu, ambalo nalo lilikuwa limekauka, ili mvua isiyaguse na joto lisitoroke. Wakaondoka upesi. Alikuwa ameanza kupanga maneno ya kumwambia Sista, maneno mafupi ya mtu aliyewahi, mpaka walipopita karakana ya Cheche na kuona zahanati mbele yao.

Ilikuwa giza.

Hakuwa amewaza. Mchana kutwa aliwaza zahanati kama mahali pa kupeleka mashuka, hakuwaza kwamba nayo inakunywa kwenye nguzo ileile. Aliposema mtaa mzima, kumbe alikuwa anasema pia wodi ya wazazi. Akauachia mkokoteni, na Fundi Baridi akausukuma peke yake hatua zilizobaki.

Wodini kulikuwa na mwanga wa kijivu wa dirishani na tochi ya simu iliyoegeshwa juu ya kabati. Jenereta dogo la zahanati liliweza friji la chanjo tu na taa moja ya chumba cha kuzalishia. Sista Mkuu alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mwisho. Kile kitanda kidogo cha umeme cha kuwapasha joto watoto kilisogezwa ukutani, kimezimika. Mtoto aliyezaliwa mchana huo, kabla ya wakati wake, mdogo wa kuenea mkononi, alikuwa amelazwa juu ya kifua cha mama yake, na Sista alikuwa anawafunika kwa kanga ya mtu. Chumba kilikuwa baridi. Mama wa mtoto alikuwa anatetemeka, na mtoto hakuwa analia.

Mama Foronya aliweka kapu chini na kufungua blanketi. Sista aliingiza mkono ili atoe shuka, na mkono ukakaa humo humo.

"Yana joto," alisema.

Akavuta moja, akalikunja mara mbili, akawazungushia mama na mtoto kwa pamoja, kichwa cha mtoto kikabaki nje kidogo. Akavuta jingine. Mama Foronya alisimama akifinya mikono. Alijua kwamba angeweza kunyamaza, na kwamba akinyamaza hatalala tena.

"Sista, ile transfoma," alisema. "Blanketi ni mimi niliyelitundika. Taa ilikuwa njano na niliiona."

Sista hakugeuka.

"Nililiona," alisema. "Hata sisi huwa tunalitazama. Ndipo tunapowasha mashine ya kuchemshia vifaa. Leo niliiwasha mwenyewe." Alisukuma ncha ya shuka chini ya bega la mzazi. "Haya yatapoa. Unaweza kupata mengine?"

Mama Foronya alimgeukia mwanawe aliyekuwa mlangoni, maji yanamtiririka. Kijana alikuwa ameshaugeuza mkokoteni.

Walikwenda na kurudi. Msimamizi wa zamu alikunywa chai nyingi jioni ile. Yaliyopoa yalirudi nyuma ya Jumba yakatundikwa tena, yaliyopata moto yakaviringishwa ndani ya blanketi jekundu na kukimbizwa wodini, na mlinzi akawa anafungua geti kabla hawajafika. Walipofika mara nyingine, Sista alikuwa ameushika mguu wa mtoto kati ya vidole viwili. Alisema umepata joto. Mtoto alilalamika kwa kushikwa, kisauti chembamba, na wodi nzima ikacheka kwa pumzi moja. Kisha Sista, bila kumtazama Mama Foronya, alimwonesha robota pembeni ya mlango: mashuka machafu ya leo, ayachukue akiondoka.

Alilichukua robota akalipakia mwenyewe, asitake kusaidiwa. Barabara ilikuwa matope. Mbele yao Jumba lilisimama na taa zake zote, na mtaa uliobaki haukuwa hata na mshumaa. Walisukuma mpaka karibu na nguzo iliyoungua, na hapo Mama Foronya akapunguza mwendo.

"Haya," alisema. "Niambie habari za Jumba."

"Zipi?"

"Zote. Mnajaribu lini tena, mnakimbia lini, mnarudi vipi. Na kingine chochote ulichonificha."

Fundi Baridi akaanza kumweleza. Mama yake alisonya karibu kila sentensi, lakini hakumkatiza hata mara moja, mpaka wakafika nyumbani.